Wapasua mbao wa Kabambare: ada ya chama inanunua nini?

Kibali cha kukata miti kwa kazi ndogo huko Kongo hutiwa saini na gavana wa jimbo, na gavana wa Maniema anakaa Kindu. Kutoka mji wa Kabambare hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 250 kwa mstari ulionyooka, na barabara za Maniema hazijanyooka. Ni safari ya siku kadhaa, na masika mtu huaga nyumbani bila kujua atarudi lini. Mpasua mbao mwenye msumeno mmoja na vijana wawili wa kumsaidia anaitazama safari hiyo na kupiga hesabu ya haraka: aende Kindu kutafuta karatasi, au aingie msituni leo na kukabiliana na watu wa serikali njiani baadaye. Wengi huingia msituni.

Hapo ndipo swali la chama linapoanzia. Anayemshawishi mfanyabiashara mdogo wa miti ajiunge na chama humwahidi mengi: sauti mbele ya wakubwa, ulinzi, mikopo, mafunzo, heshima. Ahadi hizo hazina budi kupimwa moja moja, kwa sababu ada hutoka katika mfuko ambao tayari una matundu mengi. Ukizitazama Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, kisha ukatazama wenzao wa Kilwa, Uganda, Kenya na Ghana, jambo moja linajitokeza: chama hulipa pale kinapopata kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukipata peke yake, na pale mwanachama anapoiona fedha yake inakokwenda. Kikikosa moja kati ya hayo mawili, ada inageuka kuwa kodi nyingine.

Kusini mwa Maniema kazi ya miti haijagawanywa kama ilivyogawanywa katika miji mikubwa. Mtu yuleyule anayeangusha mvule porini ndiye anayeitwa kupunguza matawi ya mwembe ulioegemea bati la dispensari, kuondoa mti ulioziba barabara baada ya dhoruba, kuchonga nguzo za nyumba na kuwauzia wachoma makaa masalio. Miti ya kutunza haikosekani Kasongo. Daktari Sidney Hinde, aliyefika na majeshi yaliyoutwaa mji huo mwaka 1893, aliandika kwa mshangao juu ya bustani za matunda alizozikuta, zilizopandwa na watu wa pwani wa enzi za Tippu Tip. Bustani zinahitaji mikono, na mikono hiyo haijawahi kuwa na chama kinachojulikana.

Msituni, wasio na mashine bado hupasua kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo hupandishwa juu ya jukwaa la miti. Mmoja anasimama juu yake, mwenzake anakaa chini, na vumbi la mbao linamwangukia usoni siku nzima. Kabla ya kuanza wanavuta uzi uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu, wanaunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia, na mstari mweusi unabaki juu ya gogo. Wakiufuata vizuri, ubao unatoka sawa. Wakikosea kwa unene wa kidole tu, seremala atashusha bei. Mwenye msumeno wa mashine huenda upesi zaidi, lakini mnyororo wake ni mnene, hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi, na hunywa mafuta yaliyokwisha kupanda bei njiani kabla ya kufika kijijini. Mara nyingi hata mashine si yake: ni ya tajiri anayeikodisha na kuchukua fungu lake la mbao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Watu hawa si wachache. Watafiti wa taasisi ya misitu ya CIFOR, akiwemo Guillaume Lescuyer, walipochunguza soko la ndani la mbao la Kongo mwanzoni mwa miaka ya 2010, waliona kwamba wapasuaji wadogo hutoa mbao nyingi mara kadhaa kuliko makampuni makubwa, na kwamba sehemu kubwa mno ya mbao hizo haionekani katika takwimu za serikali. Makampuni yana shirikisho lao Kinshasa, Fédération des industriels du bois, linaloweza kukaa meza moja na waziri. Wapasuaji wadogo nao walianzisha ACEFA, chama cha Wakongo wanaofanya kazi ya mbao kwa mikono, ambacho jina lake linajulikana zaidi upande wa Kisangani, kwenye soko kubwa la mbao na mto unaozichukua. Kutoka Kabambare, Kisangani ni mbali, na Kinshasa ni mbali zaidi: mtu anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kukanyaga hata mmoja wa miji hiyo miwili.

Turudi kwenye kibali. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, pamoja na amri ya waziri ya Oktoba 2006, ilikiweka kibali cha mpasuaji mdogo hivi: apewe Mkongo kwa jina lake mwenyewe, anayetumia msumeno wa mkono au wa mashine ndogo, kwa eneo lisilozidi hekta 50. Amri nyingine ya tarehe 29 Oktoba 2016 iliwapanga upya wapasuaji hao katika madaraja mawili. Kwa kuwa kibali ni cha mtu mmoja, wengine hudhani chama hakina nafasi hapo. Wanakosea. Chama hakiwezi kukatia mti mwanachama asiye na kibali, lakini kinaweza kubeba majalada.

Tuseme safari ya Kindu, pamoja na nauli, chakula, malazi na siku za kusubiri ofisini, inakula dola 100. Wapasuaji kumi wakienda kila mtu kwa wakati wake, dola 1,000 zimeishia njiani kabla serikali haijapata hata faranga moja ya kodi yake halali. Wakituma wajumbe wawili wenye majalada kumi, gharama ni dola 200, yaani dola 20 kwa kila mmoja. Chama kinachofanya kazi hiyo tu, bila hotuba wala sare, kimemwokolea mwanachama dola 80. Ada yake ya mwaka ikiwa chini ya hapo, mwanachama amepata faida. Ikizidi, chama kionyeshe kitu kingine. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini kila mpasuaji anaweza kuweka namba zake halisi mahali pa hizi, na anastahili kuifanya kabla ya kutoa hata faranga moja.

Majalada kumi yana faida nyingine isiyoingia katika hesabu ya nauli. Mtu mmoja akifika ofisini na jalada moja ni rahisi kuambiwa arudi kesho, kisha kesho kutwa. Mjumbe mwenye majina kumi, barua yenye mhuri na nakala ya amri ya waziri mkononi si rahisi kuzungushwa, kwa sababu kila siku anayocheleweshwa ina mashahidi kumi huko nyumbani.

Kibali kikishapatikana, safari ya mbao ndiyo kwanza inaanza, na barabarani ndipo fedha zinapotoka. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS, pamoja na shirika la Kikongo ASSODIP, ilichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini na kuvihesabu 798. Maniema haikuwemo katika hesabu hiyo, lakini barabara ya Kabambare kuelekea Fizi na Ziwa Tanganyika inaingia Kivu Kusini, na mbao zinazopelekwa huko zinakutana na vizuizi vya aina ileile: vya jeshi, vya polisi, vya idara za serikali, vya makundi yenye silaha. Mbao ni mzigo mbaya wa kupita nao. Haufichiki, ni mzito, na mwenye nao hawezi kugeuza njia ya mkato.

Chama kinaweza kufanya nini hapo? Mbele ya mwenye bunduki, kidogo sana, na anayeahidi zaidi ya hapo anadanganya. Mbele ya mkusanya kodi wa kiraia, kinaweza zaidi kuliko watu wanavyodhani. Amri yenye nguvu ya sheria Na. 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 iliorodhesha kodi, ushuru na tozo zote zinazoruhusiwa kwa majimbo na kwa mamlaka za chini yake. Isiyo kwenye orodha hiyo si halali. Chama cha wapasuaji kinachochapa ukurasa mmoja wa kodi zinazohusu mbao, kikampa kila mwanachama na kumfundisha kudai risiti, kimempa silaha ambayo mtu wa peke yake hana, kwa sababu yeye huambiwa tu jina la tozo na kiasi chake, naye hulipa ili siku isipotee. Risiti zikirudishwa kwa katibu na kuandikwa daftarini, baada ya mwaka chama kina kitu cha kumwonyesha msimamizi wa wilaya: kizuizi fulani, tarehe fulani, kiasi fulani. Malalamiko ya mdomo husikilizwa kwa adabu na kusahauliwa. Daftari lenye tarehe huombwa nakala.

Lakini barabara hiyohiyo ndiko vyama vingi vinakoharibikia. Chama kikishazoea kwamba fedha zinapatikana mahali magari yanaposimama, nacho huweka mtu wake pale, mwenye kijitabu cha risiti na fimbo. Mwanachama hulipa jimbo, hulipa sekta, kisha hulipa chama kilichoundwa kumlinda dhidi ya wale wawili wa kwanza. Dalili ya ugonjwa huu huonekana mapema: ada inalipwa kwa kila mzigo badala ya mara moja kwa mwaka, na inalipwa njiani badala ya mkutanoni.

Wilaya ya Kabambare ina kioo kingine cha kujitazamia, nacho ni dhahabu. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, ulitangazwa na kampuni ya Banro kuwa umeanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, na mwaka 2019 shughuli zikasimama katikati ya ukosefu wa usalama. Pembeni mwa mgodi huo wako wachimbaji wadogo, nao wanahitaji miti: nguzo za kuzuia mashimo yasiporomoke, mbao za mifereji ya kuoshea mchanga, makaa ya kupikia. Kwa hiyo biashara ya miti ya Kabambare na ile ya dhahabu hula sahani moja.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 iliwataka wachimbaji wadogo wawe ndani ya kooperative iliyokubaliwa na serikali. Kwenye karatasi lilikuwa jambo jema. Watafiti Jorden de Haan na Sara Geenen walikuwa wamekwisha kuzichunguza kooperative za migodi za Kivu Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, na walichokiona kinapaswa kusomwa na kila anayewahimiza wapasua mbao wajiunge: wenye nguvu wa zamani, wakiwemo wafanyabiashara na wakuu wa mashimo, waliingia katika vazi jipya la kooperative na kuendelea kutawala. Mchimbaji alipata kadi. Bei yake haikubadilika.

Kenya ilipita njia inayofanana kwenye makaa. Kanuni za makaa za mwaka 2009 ziliwataka wachomaji wa kibiashara wajipange katika vyama vya wazalishaji ndipo wapewe leseni. Kujiunga kwa lazima kunampa mwanachama karatasi, lakini kunamnyang'anya silaha yake kubwa kuliko zote, ambayo ni uwezo wa kutoka. Kiongozi anayejua kwamba hakuna anayeweza kuondoka hana sababu ya kusoma hesabu mbele ya watu. Ndiyo maana hali ya sasa ya wapasua mbao wa Kabambare, ambao hakuna sheria inayowalazimisha kuingia chama chochote, ni afadhali kuliko inavyoonekana. Wana nafasi ya kuchagua, na kuchagua huko ndiko kunakomfanya kiongozi awajibike.

Vipo vyama vilivyofaulu, na ukivitazama kwa makini vyote vimejengwa juu ya jambo moja zito, si juu ya orodha ndefu ya malengo.

Wilayani Kilwa, kusini mwa Tanzania, vijiji vina misitu yenye mpingo, mti ambao mbao zake nyeusi hutengeneza klarineti na zumari za Ulaya. Mwaka 2009, kupitia shirika la MCDI, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa utaratibu. Kijiji kimoja kisingeweza kulipia ukaguzi wa cheti hicho, kwa kuwa wakaguzi hutoka mbali na gharama yao haipungui kwa sababu msitu ni mdogo. Cheti kilikuwa cha kundi: shirika moja linakishika, vijiji vinaingia chini yake, gharama inagawanywa, na kijiji kipya kinaweza kuongezwa. Faida ilikuwa wazi kwa mwanakijiji, kwa sababu kijiji chenyewe ndicho kilichouza magogo na kupokea fedha.

Uganda, UTGA, chama cha wapandaji wa miti ya mbao, kimejikita katika vitu ambavyo mkulima anavishika kwa mikono: mbegu bora zilizoagizwa kwa pamoja, mafunzo ya kupanda na kupunguza miti, na cheti cha kundi. Mbegu mbaya ya msonobari humfanya mkulima asubiri miaka 15 kugundua kwamba alidanganywa. Mtu mmoja hana njia ya kuwajua wauzaji wa Brazil au Afrika Kusini. Chama kinaweza kuwajua, na kikikosea kinakosea mbele ya wanachama wote.

Na ndani ya Kongo yenyewe kuna Mampu, kwenye uwanda wa Bateke mashariki ya Kinshasa. Hekta zipatazo 8,000 za mikesha zilipandwa huko kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha zikagawiwa familia zaidi ya 300, hekta 25 kwa kila familia, wavune makaa, walime mihogo na mahindi kati ya miti, na waache miti iote tena. Wakulima hao wana umoja wao, UFAM. Kwa nini Mampu inahitaji umoja? Tazama moto. Moto wa kiangazi haujui mpaka kati ya hekta 25 za mmoja na hekta 25 za jirani. Mkulima anayesafisha njia ya kuzuia moto upande wake peke yake amepoteza jasho, ikiwa jirani hakusafisha. Vivyo hivyo barabara ya kutolea makaa. Hapo chama si suala la kupenda au kutopenda. Kazi yenyewe haifanyiki bila watu wengi kukubaliana siku moja.

Sauti mbele ya serikali ni ahadi ya aina nyingine, ngumu zaidi kupima. Ghana ilipiga marufuku upasuaji wa mbao za kuuza kwa msumeno wa mashine mwaka 1998. Marufuku haikuizima kazi, iliisukuma usiku. Miaka mingi baadaye, kwa msaada wa shirika la Tropenbos, wapasuaji na wauza mbao walijipanga katika chama cha DOLTA na kuanza kukaa na serikali kutafuta njia ya kuwa wapasuaji halali. Kenya, serikali ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma Februari 2018, kwanza kwa siku 90, kisha ikaongeza na kuongeza, hadi Rais William Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba zuio limeondolewa. Na hata hapo suala likaenda mahakamani. Chama cha wenye viwanda vya mbao cha Kenya kilikuwepo muda wote huo. Miaka mitano ni mirefu. Mwenye kiwanda kikubwa anaweza kulipa ada na kusubiri. Mwenye msumeno mmoja anafunga duka mwaka wa kwanza. Sauti ina faida, ila faida hiyo humfikia mdogo baadaye sana, kama bado yuko kazini.

Nchi tajiri zina hadithi nyingine. Marekani, ambako utunzaji wa miti ya mijini ni biashara kamili, wataalamu walianza kukutana mwaka 1924 katika mkutano uliokuja kuwa ISA, na mwaka 1938 wenye makampuni wakaanzisha chama chao, ambacho leo kinaitwa TCIA. Vyama hivyo huuza cheti na jina ambalo mteja analitambua. Jambo hilo haliwezi kuhamishwa hivi hivi hadi Kasongo, kwa sababu mama anayetaka mwembe wake upunguzwe anamwita kijana anayemfahamu, na cheti cha ukutani hakimwambii chochote. Kinachohamishika ni kazi yao ya usalama. Mwaka 2022 wakata magogo wa Marekani walikufa kazini kwa kiwango cha karibu watu 100 kwa kila wafanyakazi 100,000, wakati wastani wa kazi zote ulikuwa chini ya 4. Hiyo ni nchi yenye kofia ngumu, suruali zinazozuia mnyororo, helikopta na hospitali.

Kabambare hakuna helikopta. Msumeno wa mashine ukigusa kitu kwa ncha ya juu ya upau wake huruka nyuma kuelekea uso wa anayeushika, kwa kasi isiyompa nafasi ya kufikiri. Tawi lililokauka juu huanguka bila sauti. Mti ulioegemea upande mmoja hupasuka katikati ukikatwa vibaya. Haya yanafundishika kwa siku mbili, na mwalimu anaweza kuwa mpasuaji mzee aliyebaki na vidole vyote kumi. Mfuko wa chama unaolipia nyuzi za kushonea kidonda, usafiri wa majeruhi na chakula cha watoto wake kwa mwezi mmoja, ungetosha peke yake kuhalalisha ada. Ni ajabu kwamba vyama vingi huanza na mhuri na bendera, na mfuko wa majeruhi huja mwisho, au hauji kabisa.

Msingi wa mfuko kama huo tayari uko. Watu wa Maniema wanaijua likelemba, ambapo kila mmoja hutoa na mmoja huchukua kwa zamu, na vikundi vya akiba vya AVEC vyenye kisanduku na funguo za watu tofauti. Kikundi cha watu 8 wanaoaminiana kikinunua msumeno mmoja wa mashine kwa likelemba, kimekata mnyororo unaowafunga kwa tajiri mkodishaji. Huo ni ushindi mkubwa kuliko kadi ya chama chochote cha kitaifa.

Sura ya kisheria ya kikundi hicho si jambo dogo, ingawa wengi hulipita. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya vyama visivyo vya faida, ile ya ASBL, inakifanya chama kingojee hadhi kutoka kwa waziri wa sheria Kinshasa, na haikiruhusu kugawana faida. Sheria ya kooperative ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na inayotumika Kongo tangu nchi ilipoingia OHADA Septemba 2012, inaruhusu kooperative nyepesi ya watu 5 tu. Daftari la kuandikishia linashikwa katika ngazi za chini za utawala. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au kumi. Ziada hurudishwa kwa kadiri mtu alivyofanya biashara na kooperative. Kwa wapasua mbao, ambao lengo lao ni kuuza, njia ya pili inafaa zaidi. Nayo inafungua mlango mwingine: wanunuzi wakubwa wa Kasongo, kama vile dayosisi, hospitali, shule na mashirika ya misaada, wanahitaji ankara kutoka kwa muuzaji mwenye jina la kisheria. Mpasuaji wa peke yake hana ankara, kwa hiyo anamwuzia dalali, na dalali ndiye anayeiuzia shule madawati.

Kuna kazi moja ambayo bila chama huenda isifanyike kamwe, nayo ni kupanda. Mvule hauoteshwi kirahisi. Mdudu mdogo aitwaye Phytolyma hutaga kwenye majani ya mche, uvimbe unatokea, unaoza, na ncha ya mti inakufa. Miche iliyopandwa peke yake juani huangamia karibu yote. Iliyochanganywa na miti mingine, penye kivuli kidogo, ina nafasi nzuri zaidi. Hakuna mpasuaji anayelisha watoto leo atakayejifunza hayo peke yake kwa ajili ya mti utakaokatwa na wajukuu wa mtu mwingine. Kikundi chenye mkataba na kijiji kinaweza. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Msitu wa namna hiyo ukiwa na wapasuaji wanaojulikana kwa majina, walioahidi kupanda na kutunza, chifu na wazee wana wa kumwuliza.

Hatari haziishi. Kabambare ni wilaya ambayo makundi yenye silaha yamepita na kurudi, na sanduku la chama lenye fedha taslimu ni mwaliko. Ni busara akiba igeuzwe upesi kuwa vitu: minyororo, tupa za kunolea, mafuta, mabati. Hatari nyingine iko ndani. Kikundi kikikua kutoka watu 8 hadi 200, wanachama hawajuani tena kwa sura, na hesabu iliyokuwa inasomwa chini ya mwembe inaanza kutumwa kwa maneno. Wanawake wanaouza mbao na makaa sokoni husahaulika mapema kuliko wote, ingawa wao ndio wanaojua bei ya wiki hii.

Kwa mpasuaji wa Kabambare, basi, kuanzia juu ni kupoteza fedha. FEC, iliyoanza mwaka 1972 kwa jina la ANEZA, ni nyumba ya wafanyabiashara wakubwa. COPEMECO iko karibu zaidi na wadogo, lakini wadogo wake wengi wana duka lenye mlango. ACEFA inawahusu moja kwa moja, ila itawafaa siku watakapokuwa na kitu cha kuipa: daftari la risiti, idadi ya vibali, majina ya waliojeruhiwa. Kikundi cha watu 5 hadi 15, kilichoandikishwa kama kooperative, chenye msumeno wake na mjumbe wake wa Kindu, ndicho kinacholipa mwaka wa kwanza. Kuungana na vikundi vya Kasongo kunakuja baadaye, na sababu yake ni moja inayotosha: bunge la jimbo hupitisha bajeti yake kila mwaka huko Kindu, na humo ndimo makadirio ya kodi za mbao yanamoandikwa. Watu 8 wa Kabambare hawatasikilizwa humo. Vikundi 20 vya kusini mwa Maniema, vikiwa na madaftari yanayoonyesha mbao ngapi zilipita, zililipiwa nini na wapi, vinaweza kuomba kusikilizwa na kamati ya fedha kabla bajeti haijapigiwa kura.